Siku Tulipoipakia Shule Mara Mbili

Shule ilikuwa inaondoka, na sisi ndio tuliokuwa tunaibeba. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni mwa ule ukumbi mkubwa, likakanyaga maua aliyoyapanda Profesa, na meza za kuchorea zikawa zinatoka moja baada ya nyingine, kila meza na watu wanne, wawili mbele wawili nyuma, kama majeneza. Mimi nilishika mguu wa nyuma. Mbele yangu alikuwa Kipkemoi, ambaye ndiye mwita-kazi wa mlima ule, anaimba, na wengine wanaitikia. Watu walikuwa wanaimba huku wanabeba shule yao kuipeleka Nairobi. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule naondoka mahali nilipo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa tisini na tano, pale Tebeswet, juu ya Kapkatet. Ninaandika kwa sababu wao wameandika. Juzi mtu mmoja hapa Kericho mjini alinionyesha kijitabu chao, karatasi laini, picha za rangi: historia ya Shule ya Usanifu Majengo na Ubunifu ya chuo kikuu, miaka thelathini tangu ianzishwe. Mimi nilisoma darasa la kwanza na la pili Nyamira, la tatu Magadi nikiwa mtu mzima, na mengine nimeokota njiani, kwa hiyo nasoma polepole, lakini nilikisoma chote. Kuna wakuu wa shule wamevaa majoho. Kuna majumba marefu ya Nairobi waliyoyachora. Tebeswet imepewa sentensi moja. Inasema kwamba kituo cha mashambani kilifungwa "kwa ushirikiano mzuri wa wenyeji".

Sawa. Acha niueleze huo ushirikiano.

Naitwa Atuti. Ni Mkisii, ila Kisii sijakaa. Nimepasua mawe, nimepakua mizigo ya reli, nimechuna majani chai kwenye mashamba makubwa mpaka kucha zikawa nyeusi. Mwaka wa sabini na tatu nilipanda Tebeswet kutafuta kibarua, nikamkuta Profesa Obiero amesimama kwenye nyasi na viatu vyake vya mjini, anawaeleza watu kwamba mtu hawezi kufundishwa kujenga akiwa ghorofani. Alikuwa Mjaluo mrefu, mpole, mwenye koti moja. Alitaka mahali ambapo wanafunzi wake wangekaa muhula mzima, wachanganye udongo, waone mvua inavyopiga ukuta, waone nyumba ya mtu inavyokaliwa. Chuo kilikuwa kimempa barua ya ruhusa na hakikumpa kitu kingine. Alikuja kuomba.

Aliyempa ni Arap Mosonik, mzee mwenye shamba pale juu. Aling'oa nyasi, akaishika mbele ya watu, mke wake, yule tunayemwita Mama Kiplimo, akaimwagia maziwa kidogo, na mzee akasema: shamba hili ni la shule maadamu shule iko. Siku shule ikihama, shamba linarudi nyumbani. Profesa akaipokea ile nyasi kwa mikono miwili. Hakuna aliyeandika. Nani anamwaga maziwa kwa mchezo?

Halafu wakaita kipagenge. Kwetu Kisii tunaita risaga, ni kitu kimoja. Mtu akiwa na kazi imemshinda anaita mlima mzima, watu wanakuja na majembe yao na hawalipwi. Ukiitwa, unakuja. Na siku wenzako wakikuita wewe, unaenda na mikono yako, hutumi mtu, hutumi pesa. Jioni, mwenye kazi anakaa chini anakula na watu. Hapo penye chakula mtu yeyote mwenye neno na yeye analisema, na mwenye kazi hawezi kukataa kulisikia, na atakalojibu chakula kikiwa mkononi ndilo litakalofanyika. Mwenye kazi akikataa kula, basi watu hawajamfanyia kitu. Pale Tebeswet wana msemo wao: kazi isiyoliwa haijafanywa.

Ukumbi ulijengwa hivyo. Wakipsigis wa mlima na sisi Wakisii wa kuhamia tulibeba mawe kutoka mtoni kwa mabega. Ulikuwa na dirisha refu upande mmoja, kubwa kuliko nyumba ya mtu, mpaka watu wakauliza kama shule inafuga twiga. Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. Alikula na sisi kila jioni ya kazi, kwenye nyasi, ugali na mboga ya saga, na mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, akainywa na mkaa wake wote akapangusa mdomo bila kukunja uso. Kwa hiyo sisemi kwamba shule ile ilianza vibaya. Ilianza na mtu.

Wanafunzi wakaja. Walipima kila kitu. Walipima jiko la Mama Kiplimo, wakapima dari yake ya kuni, na mmoja akampima ng'ombe wake akiwa anakamuliwa.

"Huyo unamshonea suti?" mama akamuuliza.

"Nataka kujua banda liwe na upana gani, mama."

"Muulize yeye. Usiku akigeuka anakujulisha."

Basi ilikuwa hivyo, na hatukukasirika. Tulidhani tunafahamiana.

Profesa akafa. Waliomfuata hawakukaa kwenye nyasi. Mwaka wa themanini na moja ikanyesha mvua ya mawe, ile ya kwetu inayokata majani chai kama wembe, na upepo wake ukang'oa paa la Mama Kiplimo. Arap Mosonik alikuwa ameshazikwa. Mama akaita kipagenge, na akaita shule pia, kwa kuwa shule ilijengewa, basi ina deni la mikono. Shule ikaja. Mwalimu akaja na wanafunzi wake wote na mbao zao za kuchorea, wakakaa kwa mstari, wakaichora nyumba isiyo na paa. Mwalimu aliwaambia ni nafasi ya pekee, kuona mifupa ya nyumba. Mama amesimama pale na vyombo vyake vimelowa, nao wanainua penseli na kufumba jicho moja.

Mmoja tu aliweka mbao chini. Kijana wa Kisii, wa kule upande wa Chepilat, jina lake Kebaso. Alivua viatu, akapanda juu na nyundo, akapigilia mabati na sisi mpaka jua likaingia. Alikula sahani mbili. Tangu siku hiyo Mama Kiplimo akamwita mwanangu, na kila alipokuja Tebeswet alikunywa maziwa kwake kabla ya kufika shuleni.

Nitaongeza jambo moja halafu nirudi kwenye lori. Mwaka wa tisini na mbili, wakati ule wa vita vya mpakani kati ya Wakipsigis na Wakisii, nyumba zilipochomwa, mama mzazi wa Kebaso alikuja juu na nguo aliyovaa tu. Mama Kiplimo ndiye aliyemfungulia ukumbi, yeye na wengine wa kwetu, nami nikiwamo. Alikaa mlangoni na panga mapajani, mwanamke mzee, na vijana wa kabila lake mwenyewe walipopanda kuuliza nani yuko ndani, aliwajibu, "Ndani kuna meza." Omong'ina wa watu, huyo mama yake Kebaso, alilala chini ya meza zile mpaka hali ikatulia. Meza zile zile.

Sasa miaka mitatu ikapita, chuo kikaanza kusema hakina pesa. Serikali ilikuwa inapunguza kila kitu, wanafunzi wanagoma, chuo kinafungwa, kinafunguliwa. Na aliyekuja kutuambia kwamba Tebeswet inafungwa alikuwa Kebaso. Dokta Kebaso, mkuu wa shule nzima, kitambi kidogo, Peugeot nyeupe. Alisimama kanisani baada ya mahubiri, akashukuru, halafu akasema maneno ambayo yaliniingia kama mwiba: "Jumamosi naita kipagenge. Tusaidiane kupakia."

Nilimfuata Kipkemoi nje.

"Usiite watu," nikamwambia. "Wacha wabebe wenyewe. Shule ambayo haijawahi kuja na mikono yake, leo inaita mikono yetu iende zake?"

"Atuti, wewe ni mtu wa njia," Kipkemoi akasema. "Hata nyumba huna. Utajuaje mambo ya kuitwa?"

"Nyumba sina, lakini macho ninayo."

"Basi uje nayo Jumamosi. Ukiitwa, unakuja."

Mama Kiplimo yeye alifurahi. Alinivuta kando, akanishika mkono kwa vidole vyake vyote, vikavu kama kuni. "Hujaelewa," akasema. "Ameita kipagenge. Maana yake atakula. Akila, nitamwomba shamba langu, na atanipa mbele ya watu. Angekuja na vibarua kutoka Kapkatet ningemshika wapi?"

Hilo ndilo alilokuwa anangoja. Shamba walilotoa kwa shule lilikuwa ndilo zuri, na lililobaki halikutosha vijana wawili. Mdogo akabaki nyumbani. Mkubwa, huyo Kiplimo mwenyewe, alienda kuchuna majani ya watu kwenye shamba kubwa la Kericho, akakaa huko kambini na mkewe na watoto katika chumba kimoja, moshi ndani, jirani anakohoa unasikia kama yuko kitandani kwako. Kifungua mimba wa Arap Mosonik, hana pa kusimika nguzo. Mama alikuwa mzee. Alitaka amwone Kiplimo akijenga kwake kabla hajafunga macho. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, na sioni kama kilikuwa kikubwa.

Kwa hiyo tukapakia. Kiplimo alikuja kutoka Kericho, akabeba kuliko sote. Meza, viti virefu, mbao, sanamu za majumba za karatasi ambazo wanafunzi walikuwa wameziacha, mpaka vioo vya lile dirisha, vimefungwa kwenye magunia. Dereva, kijana wa Nairobi mwenye kofia imegeuzwa nyuma, alikaa kwenye kivuli cha lori lake akila sukari guru. Mchana ukageuka, mawingu yakaanza kupanda upande wa Sotik kama kawaida. Kitu cha mwisho kilipoingia Kipkemoi alikata wimbo, na Mama Kiplimo akatoka na wanawake wenzake. Walitandika mikeka palepale penye nyasi, mbele ya ukumbi mtupu. Ugali, saga, kuku wawili, kibuyu cha mursik.

Kebaso alikuwa anafungua buti ya gari. Ndani kulikuwa na makreti ya soda na mikate.

"Mwanangu, njoo unawe," mama akasema. Alikuwa ameshika birika la maji.

"Mama, niko na haraka. Barabara ikinyeshewa lori halitoki hapa. Nimewaletea soda na mkate, watu wajisaidie."

"Soda ni ya harusi. Kaa chini."

"Siku nyingine, mama. Aki nitarudi, tutakula vizuri."

"Wewe unahama. Siku nyingine utarudi wapi?"

Kipkemoi alijipangusa jasho, akasema polepole, "Dokta, hebu tuelewane. Uliita kipagenge ama uliita vibarua?"

"Kipagenge, mzee wangu. Mnajua mimi ni wenu."

"Basi kula."

Hapo Kebaso akanigeukia mimi, akaniita baba kwa Kikisii, sauti ya chini, "Tata, waambie waniache niende. Usiache nile hapa."

Mimi sina siri na mtu aliyevaa tai. Nikasema kwa Kiswahili, kila mtu asikie, "Dokta anasema msimlishe. Anasema hataki kula hapa."

Wakacheka. Nilitaka wakasirike, wao wakacheka. Walidhani ni heshima, au ni tumbo.

"Watoto wote husema wameshiba wakiona saga," mama akasema. "Siku ya paa ulikula sahani mbili. Njoo."

Kebaso akaingia kwenye gari akafunga mlango. Akaweka mkono nje ya dirisha, akamwashiria dereva aende.

Mama Kiplimo alibaki amesimama na birika. Nilimwona akiangalia lile gari, halafu akiangalia lori, na nikajua kwamba kwa mara ya kwanza ameona mtoto wake anaukimbia mkeka. Akaweka birika chini kwa uangalifu, akaenda nyuma ya lori, akapiga ubao wake kwa kiganja.

"Kipkemoi. Kazi haijafanywa. Shusheni."

Hakuna aliyebishana. Hilo ndilo nililolipenda kwa watu wa mlima ule, na ndilo linaloniuma. Kipkemoi akafungua kile kizuizi cha nyuma, Kiplimo akaruka juu, na meza ya kwanza ikashuka. Ya pili ikashuka. Waliziweka barabarani, mbele ya Peugeot, zimepangwa kwa mstari kama darasa. Mtu mmoja akaleta na kiti kirefu, akakaa kwenye meza, akafumba jicho moja na kuinua kidole kama penseli akimwelekezea Kebaso.

"Tulia hivyo hivyo, Dokta. Nafasi ya pekee. Naona mifupa."

Sasa hapo tulicheka sote, na kicheko hicho hakikuwa kizuri.

Dereva alikuja mbio hadi dirishani mwa gari. "Mdosi, hii mzigo inashuka. Nimefanya nini mimi? Waambie basi."

Kebaso akatoka. "Nitaita chifu," akasema.

"Naibu wa chifu ndiye huyo amebeba viti," Kiplimo akamjibu kutoka juu ya lori. "Subiri aweke chini atakusikia."

Mimi nilikuwa na furaha chungu. Nikapaza sauti nikasema tuzipasue kuni, meza zote, mbao ni kavu, kila nyumba ipate ya kupikia mpaka Pasaka. Baadhi ya vijana wakaitikia. Mmoja alikuwa ameshatafuta shoka. Mama Kiplimo akatugeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Mimi nitafanya nini na kuni? Nataka mtoto wangu arudi nyumbani. Weka shoka chini."

Likawekwa.

Kebaso alisimama katikati ya meza. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye moja, puu, likaacha alama. Akaliangalia. Ningependa kusema kwamba uso wake ulikuwa wa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Ulikuwa uso wa yule kijana aliyevua viatu akapanda juu ya paa. Alivua koti, akalitupa ndani ya gari, akaja hadi kwenye mkeka, akakaa, akanyoosha mikono. Mama akamwagia maji. Mzee wa kanisa akaomba, akamwomba Mungu awe shahidi wa chakula hiki na wa neno litakalosemwa. Mimi huwa sifumbi macho kwenye maombi. Kebaso naye alikuwa ameyafungua, anaangalia ugali.

Alimega, akachovya, akala. Watu wote wakaketi, wakala. Mama hakula. Alingoja mpaka akamwona amemeza mara ya tatu, tonge jingine likiwa mkononi.

"Mwanangu, nina neno."

"Sema, mama."

"Mzee wangu alishika nyasi hapa, ukiwa bado hujaja. Alisema siku shule ikihama shamba linarudi nyumbani. Leo shule imehama. Shamba linarudi kwa nani?"

Kebaso alikuwa na tonge kati ya vidole. Mvua ilikuwa inachapa polepole kwenye mabati ya ukumbi.

"Shamba linarudi nyumbani, mama," akasema. Akalitia lile tonge mdomoni.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kiplimo alisimama akatembea hadi nyuma ya ukumbi, nadhani alienda kulia. Kipkemoi akaanza wimbo, na watu wakaamka na vyakula bado midomoni, na wakapakia upya. Mara ya kwanza tulipakia kama watu walioitwa. Mara ya pili tulipakia kama watu waliozaliwa siku hiyo. Walifunika meza kwa makoti yao ili zisilowe. Dereva mwenyewe alibeba. Lori lilipoteleza pale langoni walilisukuma kwa mabega, matope mpaka kifuani, wakalitoa, wakalipungia mkono mpaka likapotea kwenye kona ya kwenda Litein. Kebaso alikuwa amenawa mikono tena kabla ya kupanda gari, muda mrefu, kama daktari.

Huo ndio ushirikiano mzuri wa wenyeji.

Mwezi wa kwanza wapimaji wakaja na vigingi na nyororo zao. Mama Kiplimo aliwapelekea chai, akidhani wametumwa kumpimia yeye. Walikunywa. Kisha mmoja akamwuliza yeye ni nani katika shamba hili. Shamba lilikuwa limeuzwa tangu mwezi wa nane, miezi minne kabla ya kipagenge, kwa mtu mkubwa ambaye kuliandika jina lake hakutanisaidia. Chuo kilikuwa kimejikatia hati miaka mingi nyuma, Profesa alipokufa tu, na hakuna aliyekuja mlimani kusema.

Tulienda Nairobi: mama, Kipkemoi na mimi. Tulikaa kwenye ukumbi wa shule, chini ya picha za majumba, tukizungukwa na meza zetu. Niliiona ile yenye alama ya mvua. Kebaso alitupokea vizuri. Alituingiza ofisini, akamwamkia mama kwa mikono miwili, akaagiza chai na mandazi.

"Ulikula," mama akamwambia.

Kebaso aliangalia chini. "Mama, karatasi zilikuwa zimeshatoka mikononi mwangu. Walioamua ni wakubwa kuliko mimi."

"Sikukuuliza karatasi. Nasema ulikula."

"Nilikuambia sitaki kula," akasema. Akanielekezea kidole. "Huyu mzee ni shahidi. Nilikataa. Nilikataa mara ngapi? Nyinyi ndio mlinikalisha chini mkanilisha."

Nimetukanwa na wanyapara wa kila aina katika nchi hii, nimefungwa, nimefukuzwa kazi nikiwa na homa. Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo. Kwa sababu lilikuwa kweli. Alijua sheria yetu sawasawa, alijua kwamba akila atakuwa amedanganya mbele ya Mungu na watu, na alijaribu kutukimbia asidanganye, halafu alipoona lori limekwama akahesabu kipi ni rahisi. Mgeni asiyejua angekula kwa kutojua. Yeye alikula akijua, kisha akatubebesha sisi lile tonge.

Mama Kiplimo akainuka. Chai yake ilikuwa imejaa, utandu umeshaganda juu. Yangu na ya Kipkemoi tukaziacha vilevile.

Sasa ni mwaka wa tisini na tisa. Ukumbi uliezuliwa mabati na yule mnunuzi, anaweka mbolea kwenye pembe moja iliyofunikwa, na kwingine kumeota migagani. Shamba lina majani chai mpaka ukutani. Mama Kiplimo alikufa mwaka wa tisini na saba, wakati wa ukame, akazikwa kwenye kile kishamba kilichobaki. Kiplimo yuko kambini bado, amekuwa msimamizi wa wachunaji, anakohoa. Ndugu yake mdogo anachuna majani kwa kibarua kwenye shamba lililokuwa la baba yake. Kipkemoi ameacha kuita kazi, amejiunga na kanisa jingine. Mlima ukiwa na kazi siku hizi watu wanatafuta vibarua Kapkatet. Mama mzazi wa Kebaso yuko hai, Chepilat, amejengewa nyumba ya mawe na mwanawe. Alikuja kwenye mazishi ya Mama Kiplimo kwa miguu, peke yake. Dereva nilimwona Kericho mwaka jana, anaendesha lori la maziwa, hakunikumbuka. Kebaso amepanda cheo, na picha yake iko kwenye ule ukurasa wenye sentensi ya Tebeswet. Meza ziko Nairobi, zinachorewa.

Mimi nimetoka Tebeswet. Nalala nyuma ya duka la mtu hapa mjini, na mvua ikiisha nitaenda Siongiroi, nimesikia wanatafuta mtu wa kulinda mnada.